Maji yakishachemka, joto halipandi tena
Dada, umesema kijana wako anadai kuongeza moto hakuyapandishi joto maji yanayochemka; yuko sahihi: maji yakishachemka, hata ukifungulia jiko la gesi mpaka mwisho, hapa Dar hayavuki nyuzi 100 hivi. (Kule kileleni Kibo, juu ya Kilimanjaro, mita 5,895, hewa ni nyepesi, yanachemka kwenye nyuzi 80 na kidogo.) Moto unaoongeza hutumika kuzitenganisha molekuli (chembe ndogo sana za maji) ziwe mvuke, na kazi hiyo ni nzito kweli: kugeuza kilo 1 yote ya maji kuwa mvuke hutaka joto zaidi ya mara 5 ya lile la kuyatoa nyuzi 0 hadi 100. Mvuke ukigusa ngozi, unarudi kuwa maji na kulitema joto lote hilo. Kwa hiyo kijana akifunua sufuria, mfuniko auinamishie upande wa pili, uso ukae mbali.