Timu yako imewekwa ya tisa na msimu haujaanza: soma msimamo huo hivi

Ukijiunga na ligi ya besiboli ya fantasi hapa Marekani (unachagua wachezaji wa kweli, na takwimu zao za uwanjani ndizo pointi zako), iwe ya kazini, ya chuoni au ya majirani, siku moja au mbili baada ya drafti, yaani kugawana wachezaji, utaletewa msimamo. Hakuna mpira hata mmoja uliorushwa, lakini tayari kuna timu ya kwanza na ya kumi na mbili, na jina lako limekaa mahali usipopapenda. Wiki hiyo ndiyo wageni wengi huharibu mambo. Aliyewekwa chini anauza mchezaji mzuri kwa hofu, aliyewekwa juu analala. Kwenye ligi yetu mimi ndiye huandika msimamo huo siku hizi, kwa hiyo acha nikueleze unavyopikwa.

Wengi wetu tumefika huku tukiwa na uzoefu wa fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, na uzoefu huo husaidia nusu tu. Kule watu milioni wanaweza kuwa na mshambuliaji mmoja. Huku mchezaji ni wa timu moja tu: akichukuliwa, amechukuliwa. Kwa hiyo thamani ya kikosi chako haipimwi peke yake, inapimwa dhidi ya wale wengine kumi na mmoja walionyang'anyana nawe bakuli lilelile.

Mtindo wa zamani wa kuhesabu pointi, ambao ligi nyingi bado zinautumia, ulianzishwa na Daniel Okrent na wenzake New York, na msimu wao wa kwanza ulikuwa 1980. Jina lake, rotisserie, limetokana na mgahawa waliokuwa wakikutana. Siku hizi kwa kawaida kuna vipengele kumi. Vitano ni vya wapigaji: wastani wa kupiga, homurani (mipigo inayovuka uzio), mikimbio, mikimbio iliyoingia kwa kupiga kwake, na besi alizoiba (vituo alivyokimbilia bila kusubiri mpigo). Vitano ni vya warushaji: ushindi, michezo waliyoingia mwishoni wakaulinda ushindi, straikauti (wapigaji waliotolewa kwa straiki tatu), ERA (mikimbio anayoruhusu kwa kila inningi tisa, yaani mchezo mzima) na WHIP (wapigaji anaowaruhusu kufika besi kwa mpigo au kwa kutembezwa, kwa kila inningi), ambazo hizi mbili kadiri zinavyokuwa ndogo ndivyo bora. Katika ligi ya timu 12, anayeongoza kipengele anapata pointi 12, wa mwisho anapata 1. Ukijumlisha ligi nzima ni pointi 780, yaani wastani wa 65 kwa timu. Ishike hiyo 65. Ukiona timu ya nne ina 69 na yako ya tisa ina 63, hujaachwa mbali. Homurani chache na mrushaji mmoja mwenye afya vinatosha kugeuza mpangilio huo wote, na mwandishi muungwana angewaweka kundi moja. Lakini watu wanapenda namba, kwa hiyo anaandika 4 na 9.

Msimamo huo hujengwa juu ya makadirio ya takwimu za kila mchezaji. Sasa hayo makadirio yanatoka wapi? Kuna mifumo inayojulikana: PECOTA, ZiPS, Steamer. Ule mwepesi kuliko yote unaitwa Marcel, wa Tom Tango. Unachukua misimu mitatu ya mwisho ya mchezaji, kwa wapigaji unaupa wa karibuni uzito wa 5, uliotangulia 4, na wa nyuma zaidi 3, kisha unamvuta mchezaji kuelekea wastani wa ligi na kumrekebisha kidogo kwa umri. Mingine ina mapambo mengi zaidi, lakini mifupa ni hiyohiyo. Kinachotoka ni katikati ya mambo yanayoweza kutokea. Mpigaji akiandikiwa homurani 30, maana yake hata 20 zinawezekana, na 40 pia.

Jambo ambalo mgeni haambiwi ni hili: msimamo unaotolewa na programu ya ligi mara tu baada ya drafti mara nyingi hupima jinsi ulivyoifuata orodha ya programu yenyewe. Ikiwa orodha yao ilimweka mchezaji fulani wa 60 na wewe ukamchukua wa 40 kwa sababu una taarifa kwamba sasa atapiga wa kwanza kwenye timu yake, programu inakukata alama. Aliyeacha kompyuta imchagulie huku yeye akiangalia tamthilia anapewa A. Anayesahihisha mtihani ndiye aliyeandika kitabu cha majibu. Ukiwekwa wa tisa na programu, swali la kwanza ni hili: mimi na yeye tulitofautiana kwa nani, na nani ana sababu nzuri zaidi?

Mara nyingi tofauti ni muda wa kucheza. Mpigaji wa kila siku hupata zamu za kupiga 600 na zaidi kwa msimu wa michezo 162, na kila anaposhushwa nafasi moja katika mpangilio wa kupiga hupoteza zamu karibu 15 hadi 20. Makadirio ya uwezo ni mazuri siku hizi. Ya muda wa kucheza bado ni ubashiri, kwa sababu yanategemea kocha, mkataba, na goti la mtu.

Na goti ndilo lililoiua misimamo ya 2024. Ronald Acuña Jr. wa Atlanta alitoka kwenye msimu wa 2023 wenye homurani 41 na besi 73 za kuibwa, na karibu kila drafti ilianza na jina lake. Mwenzake Spencer Strider alikuwa na straikauti 281 mwaka huohuo, akawa mrushaji wa kwanza kuchukuliwa kwenye drafti nyingi. Strider alianza michezo miwili tu, kiwiko kikafanyiwa upasuaji mwezi wa Aprili. Acuña aliumia goti Mei, akamaliza na michezo 49 na homurani 4. Wakati huohuo kijana wa Pittsburgh, Paul Skenes, alianza mwaka kwenye ligi za chini, akapandishwa tarehe 11 Mei na kumaliza na ERA ya 1.96. Timu iliyokuwa nazo subira na nafasi moja ya benchi ikapata mrushaji wa daraja la juu ambaye msimamo wa Machi ulikuwa umempa mechi chache tu.

Hata tarehe ya msimamo ina maana. Edwin Díaz, mrushaji wa kumalizia wa Mets ya New York, aliumia goti tarehe 15 Machi 2023 akishangilia ushindi wa Puerto Rico kwenye mashindano ya dunia, akakosa msimu mzima. Orodha za Februari zilikuwa bado zinamsifu. Mwaka huohuo besi zilipanuliwa na warushaji wakawekewa saa: besi zilizoibwa ligi nzima zikapanda kutoka 2,486 hadi 3,503, na ligi kuu ya besiboli haikuwa na mwaka wa nyuma wa kulinganisha.

Kama unataka kujua ulipo kweli, tengeneza wako. Chukua makadirio ya bure, weka kwenye Excel wachezaji wanaoanza wa kila timu, jumlisha kila kipengele, panga 1 hadi 12. Tahadhari kwenye wastani. Usichukue ERA za warushaji wako ukazigawa kwa idadi yao. Mrushaji wa inningi 180 mwenye ERA 4.00 ameruhusu mikimbio 80. Wa kumalizia mwenye inningi 60 na ERA 2.00 ameruhusu kama 13. Ukijumlisha kwanza mikimbio yote na inningi zote unapata 3.50. Ukikata katikati ya zile ERA mbili unapata 3.00, na timu yako inaonekana ya ubingwa wakati si kweli. Wastani wa kupiga ni hivyohivyo: mipigo yote kwa zamu zote rasmi.

Ukimaliza, acha kutazama jumla, tazama safu za vipengele. Timu ikiongoza kwa besi za kuibwa kwa tofauti ya 50 bado inapata pointi 12 tu, zile 50 hazimfai kitu mwenye timu. Huyo ndiye mtu wa kumpigia simu. Mpe mrushaji, chukua mkimbiaji wake. Walio tatu bora usiwasumbue mwezi wa Aprili, wamelewa sifa na kila ofa wanaiona wizi. Wa chini ndio wanaosikiliza, na wa chini aliyeaibishwa mbele ya wafanyakazi wenzake husikiliza zaidi. Kama wewe mwenyewe ndiye wa chini, tarajia ofa za "kukusaidia" asubuhi hiyohiyo. Zisome, shukuru, usijibu hadi wiki mbili za michezo zipite.

Na siku utakapopewa zamu ya kuandika msimamo, andika tarehe juu, taja makadirio uliyotumia, na kwa kila timu taja kipengele inakovuja badala ya kuandika utani mtupu. Timu yako iweke pale hesabu ilipoiweka, hata kama ni ya pili, maana hapo ndipo watakapokurukia kwanza. Mwenye timu ya mwisho atakutumia ujumbe mkali usiku. Mtumie jedwali, na kama amekuta kosa la kweli kwenye inningi za mrushaji wake, lirekebishe kabla ya mchezo wa ufunguzi.