Rafadha ya mkia ya helikopta ya rimoti: anzia mezani, jairo iwe ya mwisho

Mkia wa helikopta ya rimoti unapoanza kuyumba, mrushaji hukimbilia jairo, yaani kile kifaa kidogo kinachohisi mzunguko wa kiwiliwili na kuiamuru sevo, yaani mota ndogo inayosogeza kijiti cha mkia, iusahihishe. Ushauri wangu ni kwamba jairo iguswe mwisho. Kasoro nyingi za mkia nilizokutana nazo zilikuwa za vyuma na plastiki, na jairo ilizificha kwa muda tu.

Chomoa nyaya mbili kati ya tatu za mota, ili mapanga yasizunguke vidole vikiwa karibu. Kisha ondoa kijiti kinachotoka kwenye sevo, na usogeze kwa kidole kile kipande kinachoteleza juu ya mhimili wa mkia na kubadili pembe ya mapanga. Kinapaswa kwenda na kurudi bila kukwama popote. Kwetu Tanga, hasa kwa wanaorushia karibu na bahari kama Raskazone, hapo ndipo penye shida, kwa sababu chumvi hutua kwenye mhimili na kutu huanza kabla hujaiona. Mimi hupangusa kwa kitambaa kikavu, kisha huweka tone moja la mafuta ya cherehani. Grisi siitaki kabisa mahali hapo, maana hushika mchanga.

Rudisha kijiti, na uhakikishe kwamba sevo ikiwa katikati, mkono wake unafanya nyuzi 90 na kijiti hicho. Halafu igeuze pua kulia kwa mkono: sevo lazima isogee kana kwamba umeamuru kushoto. Ikienda kinyume, usirushe, kwa kuwa helikopta itajizungusha yenyewe mara tu inapoinuka.

Jairo nyingi zina hali mbili: ya kawaida, ambayo hupinga mzunguko tu, na ya kushika mwelekeo, ambayo huirudisha pua ilikokuwa. Jaribio la kwanza la hewani lifanyike katika hali ya kawaida, asubuhi mapema, kabla kaskazi haijakaza. Kama rafadha kuu inazunguka kwa mwendo wa saa ukiitazama kutoka juu, na pua inaelekea kushoto, mkia hautoi nguvu ya kutosha. Tua, zima mota, badili urefu wa kijiti kwa kuzungusha ncha yake mara moja ili pembe ya mapanga iongezeke, kisha inua tena. Kazi hii inachosha, lakini usiikwepe kwa kubonyeza vitufe vya rimoti. Pua ikitulia, ndipo uhamie hali ya kushika mwelekeo. Ukiwa mezani katika hali hiyo, sevo huenda isirudi katikati unapoachia usukani wa rimoti. Hiyo si hitilafu.

Sasa ongeza nguvu ya jairo, yaani ukali wa usahihishaji wake, kidogo kidogo mpaka mkia utetemeke upesi upesi, kisha punguza hadi utulie. Rudia ukiwa katika mwendo wa kasi, kwa sababu mtetemo usioonekana helikopta ikiwa imesimama hewani hujitokeza hapo. Mtetemo ukibaki hata nguvu ya jairo ikiwa ndogo, rudi mezani ukague beringi na mkanda unaozungusha rafadha ya mkia: mkanda uliolegea huruka meno unapoongeza nguvu ya mota ghafla, na uliokazwa mno hula beringi na chaji ya betri.