Jibu: Pemba na watoto kwa siku nne, tulale wapi?

Waalaykum salaam dada. Umeuliza kama siku nne zinatosha, na kama mkodi gari mzunguke kisiwa kizima. Siku zinatosha. Kuzunguka kisiwa kizima ndiko kutakakowachosha, maana barabara zetu ni vilima na kona tupu. Mie ni mtu wa Wete, mji wa kaskazini, na wageni wangu wanaoondoka na furaha ni wale waliochagua upande mmoja. Nyie chagueni kaskazini, mlale upande huo huo.

Boti ikishawashusha bandari ya Mkoani, pandeni daladala hadi mji wa Chake Chake, mbadilishe ya Wete. Wakati wa upepo wa kusi mkondo wa bahari huchafuka, kwa hivyo watoto wakae chini, nyuma ya boti, na ndimu ya kunusa mkononi.

Tiketi msikate mpaka mhesabu mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukifika kumi na tano, maji ni bamvu, yaani hujaa na kupwa sana: mnamo saa nne asubuhi bahari huwa imekupwa mbali kabisa. Watoto watapenda kuokota makombe, ila kuogelea kunabidi kungoje alasiri. Maji mafu, kati ya bamvu na bamvu, ni kinyume chake, asubuhi yamejaa. Watu hufika ufukwe wa Vumawimbi saa nne ya bamvu, wakanuna, wakasema Pemba haina bahari!

Njia ya kwenda huko kutoka Konde inapita ndani ya msitu wa Ngezi. Shukeni, mchukue mtembezaji pale langoni, awaonyeshe mpapindi, mnazi wa mwituni usioota kwengine ila Pemba. Mkiwa na nguvu, endeleeni mpaka Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa wa chuma, wa mwaka 1900. Popo wakubwa wa Pemba mtawaona kijijini Kidike, wananing'inia mitini mchana kweupe wakigombana.

Lakini mie ningekuja kwa ajili ya karafuu, kuanzia kama mwezi wa saba na kuendelea. Kuna mwaka mikarafuu huzaa ikainama, kuna mwaka haizai kitu, kwa hivyo pigeni simu kwanza. Jioni nyumba nzima hukaa kuchambua: kichala kinashikwa kwa mkono mmoja, kinasuguliwa kwenye kiganja cha pili, karafuu inadondoka huku, makonyo, vile vijiti vyake, yanatupwa kule. Hayo makonyo nayo hayapotei, hutolewa mafuta. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi hadi kando ya lami, zimeingia wekundu kidogo. Baada ya siku kadhaa za jua kali zinakuwa kahawia, ukiivunja moja inalia. Mvua ikipiga, usishangae mwenyeji wako akikuacha na chai yako akakimbilia majamvi. Watoto wako waache wachambue, hakuna atakayewakataza, na vidole vitanuka mpaka Dar.

Ramadhani msije kama mnategemea kula mikahawani mchana. Nguo za ufukweni ziishie ufukweni. Fedha toeni Chake kabisa. Kisiwa cha Misali ni pazuri mno, ila kusi likivuma msilazimishe mashua na watoto wadogo. Siku hiyo nendeni Wete sokoni mkale haluwa na kahawa chungu.