Kitanda tisa

Adhiambo mwanangu,

Umeniuliza kama uombe kuahirisha mwaka, maana tangu muanze wodi mwaka huu wa nne wa udaktari unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Kwanza niambie: asubuhi unakunywa chai? Mtu haingii wodini na njaa. Cheka tu.

Ule mwaka baba yako yuko Mombasa na nyinyi mnalala kwa Dani, nyanya yenu, nilikuwa zamu za usiku mfululizo. Wauguzi wawili, wagonjwa hadi sakafuni. Palikuwa na mzee mmoja, mvuvi wa Dunga, ana kidonda cha sukari mguuni. Kila alfajiri alinibakishia kipande cha mkate wake, nami nikila. Miezi miwili baadaye, Jumapili pale sokoni Kibuye, mtu wa magongo ananiita kwa jina, anauliza hata habari zenu. Nikabaki namtazama. Akasema, "Sista, ni mimi, kitanda tisa." Hakusema kwa ubaya. Afadhali angenitukana.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitaja mambo matatu ya uchovu wa kazi, wenyewe huita burnout: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na kuona kazi yako haifai kitu. Likasema si ugonjwa, ni hali inayoletwa na msongo wa kazini uliokosa kushughulikiwa. Mimi hilo la pili nililiita uzoefu.

Hata hivyo sote tunataja vitanda kwa namba, hata daktari mkuu kwenye raundi. Basi kosa si namba. Kosa ni kwamba nyuma ya namba sikuwa na mtu, na mkate wake nimekula.

Jumatatu nilimwendea sista mkuu, nikalia stoo ya mashuka. Akanihamishia kliniki ya watoto, mchana, miezi mitatu. Nyumbani niliwaambia nimepandishwa cheo. Dani akachinja kuku, unakumbuka? Kuku wa uongo yule.

Kwa hiyo sikwambii uahirishe, wala usiahirishe. Miaka sita ni mirefu, na ule wa intani, wa mafunzo kazini, unangoja. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi wiki hii, kabla ya mitihani, si baada. Kama ningekuwa mimi... Hapana, nimesema sisemi. Majina ya wagonjwa usiniandikie, hiyo ni siri ya wodi. Niambie tu kama unayajua.

Omena nimempa dereva wa matatu ya jioni. Kula kabla ya raundi.

Mama