Boti Zinazopanda Kilima cha Devizes

SWALI: Babu, shikamoo. Naishi Swindon, Uingereza. Alhamisi moja nilikwenda gulioni Devizes, nikaona mnara wa mawe wenye habari za mwanamke aliyeanguka akafa papo hapo sokoni. Nje kidogo ya mji nikakuta boti zinapandishwa kilima kwa maji. Mama huyo ni nani, na boti zinapandaje?
Msomaji, Swindon

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na kilima. Wafanyabiashara walitaka mizigo itoke Bristol hadi London kwa maji bila kuzunguka baharini, na Devizes ipo juu, katikati ya njia. Mhandisi John Rennie akachimba mfereji wa boti, na hapo kilimani akajenga vyumba 29 vya maji, kila kimoja kina malango mbele na nyuma. Boti ikiingia, lango la nyuma hufungwa, maji huachiwa kutoka juu, chumba hujaa na boti huinuka hadi usawa wa chumba kinachofuata. Inapanda mita 72 hivi, kazi ya saa tano au sita. Vyumba 16 vya katikati vimebanana mno, hata nafasi ya kuhifadhi maji baina yake hakuna. Rennie akachimba mabwawa ya maji ubavuni mwa vyumba. Hapo namvulia kofia.

Kabla kazi haijaisha mwaka 1810, mizigo ilipanda kwa mabehewa ya reli yaliyovutwa na farasi. Ukienda tena, tazama madaraja ya barabara yanayovuka mfereji: pembeni kuna matao madogo, na humo ndimo mabehewa yalimopita. Reli ya London hadi Bristol ilipokamilika mwaka 1841, mizigo ikahamia huko. Baadaye malango yakaoza, mpaka watu wa kujitolea walipoufufua mfereji. Malkia Elizabeth II akaufungua upya mwaka 1990.

Mama uliyemsoma ni Ruth Pierce wa kijiji cha Potterne. Tarehe 25 Januari 1753 yeye na wenzake watatu walichangishana kununua gunia la ngano. Fedha zikapungua. Ruth akaapa kwamba ametoa fungu lake, na kama hakutoa basi afe. Akarudia kiapo, akaanguka, na fedha zikakutwa mkononi mwake.

Mnara wenyewe ulijengwa mwaka 1814 na Lord Sidmouth, aliyewahi kuwa waziri mkuu. Mimi Ruth namwonea huruma sana. Zunguka upande wa pili usome: Sidmouth ameandikwa kwa shukrani kwa mji uliomchagua bungeni mara sita; Ruth, kwa fungu moja la bei ya gunia.