Re: Paka wa jirani anamaliza vifaranga, niweke sumu?

Pole sana mkuu, vifaranga sita wiki moja inauma, hasira naielewa. Ila hilo wazo la sumu kwenye dagaa achana nalo kabisa, sumu haichagui, kesho anaokota mtoto wa mpangaji au kuku wako mwenyewe, na kesi inakugeukia wewe maana Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo, sio utani.

Mimi yalinikuta Mbagala, paka wa mama wa nyumba ya pili alikuwa anakunya kwenye mchanga wangu wa ujenzi kila asubuhi. Nilimfuata jioni bila kelele, nina picha kwenye simu, maana mwenye paka lazima aanze na "sio wangu huyo" 😂. Na wewe mwambie jirani amhasi paka wake, dume akihasiwa kuzurura kunapungua sana, na jike asipofungwa kizazi anashika mimba akiwa na miezi minne mitano tu, halafu siku 65 hivi una wengine wanne juu ya bati. Sisi tulichangia hela ya daktari wa mifugo nusu kwa nusu na paka akapigwa chanjo ya kichaa cha mbwa hapohapo.

Na banda lako vipi? Ule wavu wa matundu makubwa paka anaingiza mkono, weka wa matundu madogo, na juu pia funika.

Akikaza shingo nenda kwa mjumbe, then mwenyekiti wa mtaa awaite wote wawili. Polisi kwa ajili ya paka watakucheka tu.