Nimetoka gerezani na jina langu liko CRB: nianze kulipa wapi?

SWALI: Mshauri wetu, pokea salamu zangu. Mimi ni seremala, mkazi wa Kisauni, Mombasa. Kabla ya kufungwa nilikuwa na karakana yangu na madeni ya kawaida: mkopo wa benki uliokuwa umebaki shilingi 18,000, mikopo miwili midogo ya simu, na mkopo wa Sacco (chama cha akiba na mikopo) niliodhaminiwa na wenzangu watatu. Nimetumikia kifungo cha miaka minne na ushei katika gereza la Shimo la Tewa na sasa niko huru. Nilipokwenda kuomba mkopo wa kununua randa ya umeme, niliambiwa kwamba jina langu limeorodheshwa CRB, yaani katika mashirika yanayohifadhi taarifa za wakopaji. Mmoja wa wakopeshaji wa simu ananidai takriban mara tano ya kiasi nilichokopa. Yuko jamaa anayesema kwamba nikimpa shilingi 3,000 atalifuta jina langu siku hiyo hiyo. Je, ni kifungo kilichoniharibia jina? Nimlipe nani kwanza?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa yaliyopita, na karibu tena nyumbani. Kifungo chako hakimo katika kumbukumbu za CRB. Mashirika yaliyopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya kuhifadhi taarifa za wakopaji ni matatu, Metropol, TransUnion na Creditinfo, na yanachopokea kutoka kwa benki na wakopeshaji wengine ni habari za mikopo tu: ulikopa kiasi gani, ulilipa lini, ulichelewa kwa siku ngapi. Hukumu za mahakama ya jinai zinahusu hati ya mwenendo mwema, ambayo hutolewa na polisi wa upelelezi, na ofisi hizo mbili hazichangii daftari moja. Kilichokuharibia jina ni kwamba madeni yako yalipita siku 90 bila kulipwa, na hakuna aliyemweleza mkopeshaji sababu.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote hata shilingi moja, hakikisha una kitambulisho cha taifa na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Laini yako ya zamani, ikiwa haikutumika muda wote huo, huenda imekwisha kupewa mtu mwingine, kwa hiyo ujumbe wa kukutahadharisha kuhusu madeni ulikuwa ukimfikia mtu asiyekujua. Deni lenyewe halikuhamia kwake, kwa maana linafuata nambari ya kitambulisho. Nimeona watu wengi wanaotoka gerezani wakitumia laini ya mke au ya ndugu kwa miezi mingi kwa sababu ni rahisi, na baadaye hushangaa kwamba fedha zote walizopokea na kutuma zimemjengea sifa mtu mwingine. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu iliyo ndani ya M-Pesa, kwa mfano, haimkopeshi mtu ambaye hajatumia M-Pesa kwa muda wa miezi sita.

Baada ya hapo, omba ripoti yako kutoka kwa mashirika yote matatu. Una haki ya kupata ripoti moja bila malipo kila mwaka kutoka kwa kila shirika, na usitosheke na moja, kwa kuwa mkopeshaji aliyepeleka habari zako huku huenda hakuzipeleka kule. Isome mstari kwa mstari. Tangu kanuni za mwaka 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kuorodheshwa kama deni baya, na ukilikuta huko una haki ya kupinga kwa maandishi. Vivyo hivyo ukikuta mkopo uliochukuliwa katika miezi ambayo ulikuwa kifungoni: ambatisha nakala ya hati yako ya kuachiliwa, kwa kuwa tarehe zake zinathibitisha kwamba hukuwa na simu mkononi.

Yule jamaa wa shilingi 3,000 mwache aende zake. Hakuna wakala mwenye uwezo wa kufuta kumbukumbu ya kweli. Taarifa hubadilishwa na mkopeshaji aliyeipeleka, au na shirika lenyewe baada ya kuchunguza malalamiko ya mwenye jina. Jambo jingine ambalo mawakala hawa hawalisemi ni kwamba hata ukilipa deni lote, ripoti itaonyesha kwamba limelipwa kwa kuchelewa, na habari hiyo inaweza kubaki hapo hadi miaka mitano tangu siku uliyolipa. Hata hivyo deni lililolipwa na deni lililo wazi ni vitu viwili tofauti kabisa machoni pa afisa wa mikopo.

Sasa kuhusu hesabu. Kwa upande wa benki, kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki, kinachotumika tangu 2007, kinaweka mpaka: mkopo ukishahesabiwa kuwa umekwama, riba inayoongezwa baadaye haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwapo siku hiyo. Ikiwa shilingi 18,000 ndizo zilizokuwapo wakati huo, riba inayoweza kudaiwa juu yake haiwezi kuvuka shilingi 18,000 nyingine, ukiacha gharama halisi za kulifuatilia deni. Huyu wa simu anayedai mara tano, mtake akupe taarifa kamili ya hesabu kwa maandishi, ikitenganisha mkopo, riba na adhabu, kisha angalia katika orodha ya Benki Kuu kama ana leseni, ambayo wakopeshaji wa kidijitali wametakiwa kuwa nayo tangu kanuni za 2022. Kanuni hizo hizo zinamkataza kuwapigia simu jamaa na rafiki zako ili kukuaibisha.

Ukienda kujadiliana, hati ya kuachiliwa inaweza kukufaa, ingawa najua huipendi. Inaeleza kwa nini mtu aliyekuwa akilipa vizuri alinyamaza ghafla, na kwa sababu hiyo unaweza kuomba adhabu za kuchelewa zifutwe nawe ulipe deni la msingi na sehemu ya riba kwa awamu. Usilipe kwa ahadi ya mdomo. Pata makubaliano kwa barua, na ukimaliza dai barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi tena. Ndipo uombe cheti cha CRB, kinachoonyesha kwamba huna deni lililokwama, ambacho cha kwanza hutolewa bila malipo. Wapo watakaokushauri usubiri tu, kwa kuwa madai ya mkataba hufa mahakamani baada ya miaka sita, na ni kweli kwamba kulipa hata sehemu ndogo huanzisha upya hesabu ya miaka hiyo. Mimi sikushauri hivyo. Kesi inaweza kufa huku deni likiendelea kuonekana wazi katika ripoti, nawe unatafuta mkopo wa mashine mwaka huu.

Deni linalonipa wasiwasi zaidi katika barua yako ni lile la Sacco, nawe umelitaja kwa kupita tu. Yamkini halipo tena katika vitabu vya Sacco, kwa sababu akiba za wadhamini wako watatu zilikatwa kulilipa. Ripoti haitakuambia ni nani aliyekosa karo ya mtoto mwezi ule. Kisheria mdhamini aliyekulipia ana haki ya kukudai, na hata asingekuwa nayo, wewe ni fundi wa mtaani unayetegemea watu hao hao wakupe kazi na siku moja wakutilie sahihi tena. Nenda Sacco kwanza, uulize kila mmoja alikatwa kiasi gani, kisha uwaendee mmoja mmoja ukiwa na kiasi hicho kwenye karatasi na pendekezo la malipo ya kila mwezi, hata kama ni shilingi 500. Usisubiri mpaka umalize benki. Kwa upande wa wakopeshaji wenyewe, ningeanza na mikopo miwili ya simu, kwa kuwa ni midogo na hufungwa haraka, kisha benki kwa awamu.

Kujenga sifa mpya kunaweza kuanza wakati huo huo. Hazina ya Hustler, mfuko wa serikali wa mikopo ya simu uliozinduliwa Novemba 30, 2022, huanza na shilingi 500, hutoza riba ya asilimia 8 kwa mwaka na hutaka malipo ndani ya siku 14, huku asilimia 5 ya kila mkopo ikiwekwa akiba. Kopa kidogo, ulipe kabla ya siku, na usikope huku ili kulipa kule. Akiba ya Sacco, hata kidogo kidogo, itakufikisha mbali zaidi, kwa sababu Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama. Randa nayo isubiri: kodi saa chache katika karakana ya mwenzako mpaka uwe na akiba ya kutosha kununua iliyotumika.

SWALI: Kaka yangu bado yuko gerezani na ana mkopo wa benki. Je, naweza kumlipia kabla hajatoka? Dada, Voi.

JIBU: Unaweza, dada, na ni vyema ufanye hivyo kabla siku 90 hazijapita. Benki haitakupa taarifa za akaunti yake bila idhini, kwa kuwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo zungumza na ofisi ya ustawi ya gereza ili atie sahihi barua ya idhini mbele ya afisa. Benki nyingine zitadai hati kamili ya uwakili, basi uliza mapema. Lipa kwa kutumia nambari ya akaunti yake ya mkopo na uhifadhi kila risiti. Laini yake ya simu iweke hai kwa kuitumia mara kwa mara, lakini hata akikupa nambari yake ya siri, usikope kwa jina lake.